Elfu Moja na Moja: namba ya kukagulia hesabu

Kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 13 kinagawana akiba ya mwaka. Sandukuni zimekutwa shilingi 2,847,650, na kabla mgao haujaanza mweka hazina anataka kujua kama fedha hizo zitagawanyika sawasawa. Mwenye simu atafungua kikokotoo. Anayeijua namba 1001 atatazama koma tu. Koma zimeikata namba hiyo mafungu matatu: 2, 847 na 650. Atachukua fungu la mwisho, 650, atatoa la katikati, 847, kisha atajumlisha la kwanza, 2. Anapata hasi 195. Kwa kuwa 195 ni 13 mara 15, swali limejibiwa: fedha zinagawanyika kwa 13 na haibaki hata shilingi moja. Kila mwanachama atachukua 219,050.

Siri yote ya hesabu hiyo ni hii: 7 × 11 × 13 = 1001. Namba tasa tatu zinazofuatana, zikizidishwa pamoja, zinatua hatua moja tu mbele ya elfu. Nasi huandika kila namba kubwa kwa kuikata kwenye maelfu, iwe ni fedha, kura au idadi ya watu. Ndiyo maana ujirani wa 1001 na elfu una faida kubwa kuliko mtu anavyodhani anapouona mara ya kwanza. Kuutumia kunahitaji kalamu, karatasi, na jedwali la 13 lililokaa kichwani.

Sababu yake inafaa kueleweka kabla ya kukariri chochote, maana anayeielewa hatasahau kanuni. Elfu moja ni 1001 ukitoa 1. Kwa hiyo ukigawanya elfu kwa 7, kwa 11 au kwa 13, daima inapungua moja ili igawanyike. Kwa upande wa baki, elfu ni sawa na hasi moja. Milioni ni elfu mara elfu, na hasi mara hasi ni chanya, hivyo milioni ni sawa na chanya moja. Unaweza kulithibitisha hilo: 999,999 ni 999 × 1001. Bilioni inarudi kuwa hasi, na trilioni inakuwa chanya tena. Basi fungu la mamoja linajumlishwa, la maelfu linatolewa, la mamilioni linajumlishwa, na mpishano huo huendelea hadi namba iishe.

Anza kulia kila mara. Ukianza kushoto kwenye namba yenye mafungu mawili au manne, alama ya jibu itageuka. Kama unauliza tu iwapo namba inagawanyika, hutapata hasara. Kama unatafuta baki, utapata baki lisilo lake. Usiruke sifuri za katikati: 4,000,321 ina mafungu matatu, na fungu la katikati ni sifuri, kwa hiyo hesabu ni 321 − 0 + 4. Jibu likitoka hasi na unahitaji baki, ongeza 1001. Ile hasi 195 inakuwa 806. Sasa 806 ni 7 mara 115 na baki 1. Ni 11 mara 73 na baki 3. Ni 13 mara 62 kamili. Kikundi hicho hicho kingekuwa na watu 7, ingebaki shilingi 1. Kingekuwa na watu 11, zingebaki shilingi 3. Kwa kutoa na kujumlisha mara moja, msomaji amepata majibu matatu.

Miaka ni uwanja mzuri wa mazoezi kwa sababu ina fungu kamili moja na elfu chache. Chukua 2023: 23 toa 2 ni 21, kwa hiyo 2023 inagawanyika kwa 7. Mwaka 2024 unatoa 22, nao unagawanyika kwa 11. Mwaka 2028 unatoa 26, ambayo ni 13 mara mbili. Kwa 2025 jibu ni 23, nayo haiguswi na yoyote kati ya hizo tatu. Mwanafunzi anayetafuta vigawo vya namba ya tarakimu nne hupoteza muda mwingi zaidi kwenye 7 na 13 kuliko kwenye 2, 3 na 5, kwa sababu 2 na 5 zinaonekana kwenye tarakimu ya mwisho na 3 inaonekana kwenye jumla ya tarakimu. Hapo ndipo 1001 inapomfaa hasa.

Mwanafunzi huyo aijue pia 91. Ni 1001 ikigawanywa kwa 11, yaani 7 × 13, na pengine hakuna namba iliyo chini ya mia inayodhaniwa kuwa tasa mara nyingi kama hiyo. Haiishii na tarakimu shufwa wala na 5, jumla ya tarakimu zake ni 10, na haimo kwenye jedwali la kuzidisha linaloishia 12 × 12. Vigawo vyote vya 1001 ni vinane: 1, 7, 11, 13, 77, 91, 143 na 1001 yenyewe. Vitatu kati ya hivyo, 77, 91 na 143, vinafaa kukaririwa, kwa maana vitarudi hapa chini.

Kwa mwalimu anayetaka kuliingiza somo hili darasani, mlango upo tayari. Mwambie mwanafunzi aandike namba yoyote ya tarakimu tatu, kisha aiandike tena pembeni yake ziwe tarakimu sita. Akichagua 386, anapata 386386. Agawanye kwa 7: 55198. Jibu aligawanye kwa 11: 5018. Hilo nalo aligawanye kwa 13: 386, namba aliyoanza nayo. Hakuna baki popote, na darasa zima litapata matokeo ya namna hiyo hiyo kwa namba tofauti. Yakov Perelman, Mrusi aliyeandika vitabu vingi vya hesabu za kuburudisha na kufariki mwaka 1942 wakati Leningrad ikiwa imezingirwa, aliupenda mchezo huu na akaihusisha 1001 na Shahrazad, msimuliaji wa Alfu Lela Ulela. Mwalimu asiishie kwenye mshangao. Swali la kuuliza ni hili: kuiandika 386 mara mbili ni sawa na kuizidisha kwa ngapi? Mwanafunzi akiona kwamba 386,386 ni 386,000 na 386, yaani 386 × 1001, atakuwa ameigundua mwenyewe kanuni ya mafungu.

Matumizi yenye uzito zaidi ni kukagua hesabu zilizokwisha kufanywa. Wengi walifundishwa kukagua kwa 9: jumlisha tarakimu za kila namba, zidisha mabaki, linganisha. Ni njia ya zamani na ni nyepesi, lakini ina tundu kubwa. Jumla ya tarakimu haijali mpangilio, na kosa ambalo mkono wa binadamu hulifanya mara kwa mara ni kupishanisha tarakimu mbili zilizo jirani wakati wa kunakili. Kwa 9, kosa hilo halionekani kamwe.

Chukua mfano wa duka la jumla lililonunua bidhaa 729 kwa shilingi 4,386 kila moja. Jibu sahihi ni 3,197,394. Tuseme karani ameandika 3,179,394. 9 na 7 zimepishana, na daftari sasa lina upungufu wa shilingi 18,000. Kagua kwa 9: tarakimu za namba zote mbili zinafika 36, kwa hiyo sahihi na kosa zote zinapita. Sasa kagua kwa 13. Bei: 386 toa 4 ni 382, ambayo ni 13 mara 29 na baki 5. Idadi: 729 ni 13 mara 56 na baki 1. Tano mara moja ni tano, kwa hiyo jibu la kweli lazima libakize 5. Jibu sahihi: 394 toa 197 jumlisha 3 ni 200, ambayo ni 13 mara 15 na baki 5. Limepita. Jibu la karani: 394 toa 179 jumlisha 3 ni 218, ambayo ni 13 mara 16 na baki 10. Limekamatwa.

Kwa nini 13, na si 7, ilhali 7 ina jedwali jepesi? Kupishanisha tarakimu mbili jirani hubadilisha namba kwa 9 mara tofauti ya tarakimu hizo, kukiwa na sifuri kadhaa nyuma. Tofauti hiyo ni kati ya 1 na 9. Namba ya aina hiyo haiwezi kugawanyika kwa 13 wala kwa 11, hivyo kosa haliwezi kujificha. Kwa 7 linaweza: kama tarakimu zilizopishana ni 1 na 8, au 2 na 9, tofauti ni 7 na kipimo kinadanganyika. Vivyo hivyo kwa kosa la tarakimu moja, mfano kuandika 8 badala ya 1. Kipimo cha 11 kina udhaifu wake: tarakimu zikipishana kwa kurukana moja, 3 _ 8 kuwa 8 _ 3, namba hubadilika kwa 99 mara tofauti, na 99 ni kigawe cha 11. Kipimo cha 13 hulikamata kosa hilo pia. Katika watatu hawa waliomo ndani ya 1001, 13 ndiye mkaguzi mkali, na juhudi za kujifunza jedwali lake zinalipa.

Hekima hii si ngeni. Leonardo wa Pisa, anayejulikana kama Fibonacci, alijifunza hesabu za Kihindi na Kiarabu tangu ujana wake huko Bugia, katika pwani ya Algeria ya leo, na katika kitabu chake cha mwaka 1202, Liber Abaci, alikagua mahesabu ya kibiashara kwa mabaki ya 7, 9, 11 na 13. Karne zilipita kabla Carl Friedrich Gauss, katika kitabu cha mwaka 1801, hajaipa hesabu ya mabaki lugha na alama zinazotumika hadi sasa.

Anayetaka ulinzi zaidi asigawanye kwa 13 kabisa. Afanye kazi na 1001 nzima. Bei ilitoa 382, idadi ni 729. Zidisha: 278,478. Kata mafungu: 478 toa 278 ni 200. Na jibu sahihi, tuliona, linatoa 200. Hapa kuna kazi ya ziada ya kuzidisha, lakini kosa lililotokea ovyo lina nafasi ya takribani moja tu katika 1001 ya kupenya, wakati kwa 13 peke yake lina nafasi moja katika 13. Kwa hesabu ya dukani 13 inatosha. Kwa hesabu za mwisho wa mwaka ambazo watu watatia saini, inafaa kufanya ukaguzi mzima.

Bado kuna kosa ambalo njia hii hailioni hata ikitumika nzima, na mtumiaji alijue. Fungu la kwanza na la tatu yakibadilishana nafasi, 452,000,118 ikaandikwa 118,000,452, jibu la mafungu halibadiliki, kwa sababu yote mawili yanajumlishwa. Kwa bahati nzuri kosa la namna hiyo huonekana kwa macho: mamia ya mamilioni yamebadilika, na mwenye fedha atashtuka kabla ya kushika kalamu.

Sasa zirudi 77, 91 na 143. Kugawanya kwa 7 au kwa 13 hadi kwenye desimali huwachosha watu, kwa sababu tarakimu zinazotoka zinaonekana hazina utaratibu. Utaratibu upo. Ukitaka 3/7, zidisha 3 kwa 143, upate 429. Punguza 1: 428. Toa hiyo kwenye 999: 571. Ziandike sambamba, na 3/7 ni 0.428571, tarakimu hizo sita zikijirudia bila mwisho. Kwa sehemu za 13 tumia 77: 5/13 ni 385, punguza moja 384, kwenye 999 inabaki 615, kwa hiyo 0.384615. Kwa sehemu za 11 tumia 91: 4/11 ni 364, kisha 363 na 636, yaani 0.363636.

Sababu ni ile ile ya 999,999 kuwa 999 × 1001. Sehemu 3/7 ni sawa na 429/1001, nayo ni sawa na 429 × 999 juu ya 999,999; na kuzidisha kwa 999 ni kuzidisha kwa elfu kisha kutoa namba yenyewe. Ndiyo maana nusu ya kwanza na nusu ya pili ya tarakimu sita daima zinakamilishana kufikia 999. Mfaransa aitwaye Midy aliandika juu ya tabia hii mwaka 1836, na kanuni hiyo bado inaitwa kwa jina lake. Kwa anayegawa fedha za wiki kwa siku, faida ni ya papo hapo: 300,000 kwa siku 7 ni 42,857 na senti 14, bila kugawanya chochote.

Wiki zenyewe zimo ndani ya 1001. Siku 1001 ni wiki 143 kamili, kwa hiyo ukihesabu mbele siku 1001 kutoka tarehe yoyote utaangukia siku ile ile ya wiki. Tanganyika ilipata uhuru Jumamosi, tarehe 9 Desemba 1961. Siku 1001 baadaye ilikuwa tarehe 5 Septemba 1964, na siku hiyo nayo ilikuwa Jumamosi. Kama masimulizi ya Shahrazad yangeanza usiku wa Jumamosi, usiku wa 1001 ungekuwa wa Ijumaa, na wiki zingetimia bila usiku hata mmoja kuzidi wala kupungua. Anayepanga ahadi, mkopo au tiba ya muda mrefu anaweza kuutumia ukweli huu kama nanga: siku 1000 ni siku moja nyuma ya siku ya wiki aliyoanzia, siku 1003 ni mbili mbele.

Namba hii hujitokeza pia mahali ambapo hakuna koma wala kalenda. Mkutano wa watu 14 ukitaka kuchagua kamati ya watu 4, kuna kamati 1001 tofauti zinazowezekana. Hesabu yake ni 14 × 13 × 12 × 11, ukigawanya kwa 24. Angalia kinachotokea ukifuta: 12 inaisha ndani ya 24 na kuacha 2, hiyo 2 inaikata 14 kuwa 7, na zinabaki 7 × 13 × 11. Namba tasa tatu zile zile zimejitokeza kwenye uchaguzi wa kamati. Kamati ya watu 5 kutoka kwa hao 14 ina njia 2002, na ya watu 6 ina njia 3003. Moja, mbili, tatu, zote za elfu na moja, zimekaa mfululizo kwenye mstari mmoja wa pembetatu ya Pascal, ule mpangilio ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Na katika pembetatu nzima, inayoendelea bila kikomo, hakuna mahali pengine ambapo namba tatu zinazofuatana kwenye mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, zinasimama kwa uwiano wa 1 kwa 2 kwa 3. Kati ya sifa zote za 1001, hii ndiyo nzuri kuliko zote, hata kama haimkagulii mtu daftari.

Aliyezoea mafungu ya tarakimu tatu atatamani kupanua kazi. Kata namba kwa tarakimu mbili mbili na upishanishe kutoa na kujumlisha, utakuwa unapima 101, ambayo ni tasa. Kata kwa tarakimu nne nne, utapima 10,001, ambayo ni 73 × 137. Namba 73 na 137 hazina njia nyingine ya mkato inayokaririka kwa urahisi. Na ukirudi kwenye mafungu ya tarakimu tatu lakini ukajumlisha yote bila kutoa, utapima 999, ambayo ni 27 × 37. Ukiwa na njia mbili, kutoa na kujumlisha, namba ile ile inaweza kuonyesha nyuso mbili. Mwaka wa uhuru wa Tanganyika, 1961: kwa kutoa unapata 960, ambayo haigawanyiki kwa 7, 11 wala 13, kwa kujumlisha unapata 962, ambayo ni 37 mara 26, kwa hiyo 1961 ni 37 × 53. Mwaka wa uhuru wa Kenya, 1963: kwa kujumlisha unapata 964, ambayo haiguswi na 37, kwa kutoa unapata 962 ile ile, nayo pia ni 13 mara 74, kwa hiyo 1963 ni 13 × 151.